Mama, Nimejua Aliyekuwa Anakata Rezo

Mama yangu,

Nimejua nani alikuwa anakata rezo, mtandao wa kompyuta yetu.

Ulinifundisha kwamba mtu hafiki kwa mwenzake na kumwaga maneno mlangoni, anaulizia kwanza habari za nyumbani. Lakini unanijua. Mimi neno nikilichelewesha kidogo linarudi tumboni na halitoki tena. Kwa hiyo nimelitoa kwanza, utanisamehe. Nimeketi chini sebuleni, viti vimekwisha kufungwa kamba, na Tantine, mdogo wako, ameenda kutafuta magunia ya kufungia vyombo. Jumamosi lori linakuja. Tunahamia Fungurume kwa Papa, na nyumba hii itabaki peke yake na ile namba nyekundu waliyoipaka ukutani, mpaka mashine za mine, mgodi unaokula mtaa wetu, zije kuiangusha. Sikutaka tuondoke Kolwezi kabla sijakuambia.

Unakumbuka siku Papa alipoleta kompyuta? Alifika kutoka kazini amechoka, ameifunga ndani ya taulo lake kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ilikuwa ya kununua kwa mtu, kona moja imevunjika, herufi nyingine zimefutika. Wewe uliizunguka kwanza, ukainama, ukaigusa kwa kidole kimoja.

"Na kale keupe?" uliuliza.

"Ile ni modemu," Papa akasema. "Yee anakamata rezo mu hewa, anatupia mashini. Nikiwa Fungurume mutakuwa munaniona."

"Kukuona wewe? Na uso yako yote?"

"Na uso yangu yote."

"Basi ujifunze kunyoa," ukamwambia, naye akacheka mpaka akakohoa.

Modemu ile ndogo, nyeupe kama kipande cha sabuni, Papa aliiweka chumbani kwenu juu ya kabati, kwa sababu sebuleni watoto wa jirani walikuwa wanakuja kuangalia televisheni na mikono yao haitulii. Hivyo ikawa modemu ni yako na kompyuta ni yangu. Na mimi chumbani kwenu sikuingia. Ndivyo ulivyonilea: hata uliponituma kitu nilisimama nje ya rido, pazia la mlango wenu, nikingoja mkono wako utokeze kando ya kitambaa.

Siku za mapumziko yake Papa alikuwa anatupigia alasiri. Na sirene ya mine nayo ilipenda alasiri. Ikilia, kila mtu alitoka nje, kwa sababu kuta zetu zote zilikuwa na nyufa na hakuna aliyetaka kukutwa chini ya bati na tir, ule mlipuko wao wa kupasua mwamba. Mama Aziza wa jirani ndiye alikuwa wa kwanza, na kigoda chake, unga wa mahindi bado umemshika mikononi kutoka dukani kwake. Wewe ulikuwa wa mwisho. Kila siku, Mama, bila kukosa siku.

"Mama Kapinga!" alikuwa anakuita kutoka barabarani. "Unafanyaka nini umu ndani? Unajipaka pudri juu ya tir?"

"Ninakuja, ninakuja!"

"Mine haitakuoa, mama! Toka!"

Nawe ulitoka unahema, unafunga kitenge vizuri, ufunguo wa sanduku unaning'inia shingoni. Tulijua ulikuwa unaweka bilauri zako za harusi ndani ya lile sanduku la chuma. Kila mama wa mtaa wetu alikuwa na namna yake: mwingine anatandika sahani chini ya godoro, mwingine anashusha televisheni sakafuni na kuifunika mto. Kisha ardhi ilisukuma nyayo zetu kutoka chini, vumbi likapanda, mbwa wakalia, Mama Aziza akasema jina la Mungu wake na wewe ukasema la wako, tukarudi ndani.

Na ndani, kwenye kioo cha kompyuta, Papa alikuwa amekwama. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu.

"Angalia papa yako," ulisema siku ya kwanza. "Amekuwa samaki wa ku soko."

Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo hivyo. Sirene, tir, samaki. Mimi niliamini kosa ni la kompyuta, kwa sababu ndiyo peke yake niliyoruhusiwa kuigusa, na nyumbani hatukuwa na kitu kingine cha kujaribia, simu yako ilijua kupiga na kupokea tu. Niliizima na kuiwasha. Niliiambia isahau wifi yetu, kisha nikaiandikia upya neno la siri, lile refu ambalo Papa alilitoa katika jina lako la usichana. Niliibeba kama sinia, nikazunguka nayo nyumba nzima huku macho yangu yakiangalia ile alama ya mistari kwenye kona, kama itapanda hata mstari mmoja. Wewe ulinifuata nyuma.

"Simama hapo! Apana, rudia nyuma. Hapo hapo. Kaa vile vile, usipumue."

"Mama, nikikosa kupumua nitakufa."

"Utapumua Papa akisha kusema."

Nilikuwa ninakuuliza, "Mama, modemu inawaka?" Nawe uliingia chumbani, nikasikia kitu kinalia kidogo, kama bawaba, kisha sauti yako nyuma ya rido: "Inawaka! Taa yote inawaka!" Wakati huohuo, kwenye kona ya kioo, mistari miwili mitatu ilipanda. Ukirudi sebuleni inashuka. Nilikuambia modemu inakuogopa, ukiiangalia inafanya kazi na ukigeuka inalala. Ulifurahi sana. Uliwaambia hata wanawake wa kanisani kwamba una mtumishi mvivu juu ya kabati.

Nilikwenda na kompyuta mjini kwa Ya Freddy, yule kaka anayetengeneza simu na mashine karibu na soko. Aliifungua mgongo, akapuliza, vumbi jekundu likatoka mpaka akapiga chafya.

"Dada, mashini yako inakula udongo kama mama wa mimba," alisema. Watu waliokuwa wanangoja wakacheka, nami nikaangalia viatu vyangu. Akabadilisha kile kipande kidogo kinachokamata wifi ndani yake, akakaza nyaya mbili, nyeusi na nyeupe, akaiwasha. Pale kwake ilikimbia kama maji. Nyumbani, sirene, tir, samaki. Niliporudi kwake alitikisa kichwa. "Basi ni tir. Tir inatikisa rezo. Watu bote ba kule kwenu banalia vile."

Mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye alitufundisha kompyuta kwa chaki kwa sababu darasani haikuwepo hata moja, nilimuuliza baada ya saa yake, kwa Kifaransa, maana kwa Kifaransa ninaogopa kidogo zaidi na hivyo naongea haraka kumaliza. Alichora ubaoni mawimbi yanapita ukuta wa matofali. Kisha akachora mstari mnene na mawimbi yakarudi nyuma: chuma, alisema, chuma kinayazuia. Nilirudi nyumbani, nikaangalia juu, nikaona mabati yetu kutoka mwisho hadi mwisho, nikakata tamaa. Nani atatoa paa la nyumba ili amwone baba yake?

Sasa nitakuambia jambo ambalo ukiwa hapa nisingekuambia. Mimi sikuchoka na kukatika kule. Papa alipokuwa amekwama, kile kiduara kikizunguka katikati ya uso wake, wewe ulikaa karibu nami kwenye benchi kungoja. Siku nyingine ulikuwa na sufuria, na nguo, na watu mlangoni. Mimi nilikuona unapita tu. Lakini kiduara kikianza kuzunguka, ulikaa. Bega lako lilikuwa kwenye bega langu. Ulichukua sindano na uzi na kitambaa fulani, ukashona, ukasimulia. Kuna siku ulitoka kuangalia modemu na mistari haikushuka, nikafunika ile kona ya kioo kwa kidole ili usione upesi.

Ni hapo uliponisimulia stesheni. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyo sasa. Kampuni ya shaba ilikuwa imeanguka, mshahara wa baba yako hautoki, kisha watu wakaanza kuambiwa warudi kwao Kasai, hata waliozaliwa hapahapa Kolwezi na ambao Kasai hawajawahi kuiona. Mlilala stesheni mkingoja behewa, ninyi na wengine wengi, juu ya vitu vyenu, mvua juu yenu. Kila asubuhi mliamka kitu kimepungua. Redio ikaenda. Cherehani ikaenda. Mama yako, Kaku, alikuwa ameketi juu ya sanduku la chuma, anakula juu yake, anasinzia juu yake, anamnyonyesha mdogo wako juu yake.

"Alikuwa anakataa kuinuka," ulisema, sindano imesimama hewani. "Byenye bilikuwa mu sanduku njo byenye tulifika nabyo. Bingine byote bilibakia ku gare."

"Ulikuwa unaogopa, Mama?"

"Mi nilikuwa naogopa paka kitu kimoja: Kaku ainuke."

Kisha ukacheka kidogo, ukasema ulirudi Kolwezi ukiwa msichana, na Papa, mtu wa Kongolo mwenye suruali fupi kuliko miguu yake, akakukuta unauza mikate mbele ya stesheni ileile. Papa alikuwa pale kwenye kioo, amekwama, anasikiliza kama samaki.

Siku ile nilikuuliza unashona nini, maana kilikuwa kidogo mno.

"Nguo."

"Ya mutoto wa nani?"

"Ya mutoto mwenye hana mikono."

Nilifikiri unanicheka. Mbele ya wageni nilikuwa najibu kwa mnong'ono, nawe ulikuwa unanitania mbele yao wote: "Kapinga, sauti yako uliweka mu sanduku?" Kwa hiyo mtoto asiye na mikono nilijua ni utani mwingine wa namna hiyo, nikarudi kwenye kompyuta.

Mama, homa yako sitaiandika. Ulikuwepo, unaijua. Nitaandika tu kwamba Papa alifika, safari hii bila kioo, na uso wake wote, naye alikuwa amenyoa.

Baada ya mazishi Papa alirudi kazini, mdogo wako Tantine akaja kukaa nami. Kisha watu wa mine wakapita na rangi yao. Nyumba kwa nyumba, namba kwa namba. Mtaa umeanza kufumuka kama sweta. Mtu akipata lori anatoa mabati yake, milango yake, madirisha, hata matofali mazima anayapanga, anaondoka navyo, na kinachobaki ni kuta zinazoangalia mbingu. Mama Aziza aliondoka mwezi uliopita. Alinishika mashavu kwa mikono yake ya unga.

"Mama yako angekuwa wa mwisho kutoka," aliniambia. "Tungemungojea mu lori paka usiku, yee anasema ninakuja, ninakuja."

Na katika siku hizohizo, Mama, nikaona jambo ambalo sikulielewa. Rezo ilikuwa haikatiki tena.

Sikulitambua mara moja. Nilikuwa ninaongea na Papa kidogo tu, yeye ananiuliza kama nimekula, mimi nasema ndiyo. Siku moja sirene ikalia katikati ya maongezi. Nikatoka na Tantine, ardhi ikasukuma, vumbi likapanda, nikarudi ndani nikijua nitamkuta samaki. Nikamkuta Papa. Anatikisika, anakuna shingo, anaangalia kiti kitupu, anaita, "Kapinga? Kapinga, muko salama?"

"Niko, Papa."

"Rezo yenu imekuwa muzuri siku hizi," akasema. "Ulitengeneza nini?"

Sikuwa nimetengeneza kitu. Nilifunga kompyuta, nikamwambia Tantine tumbo linaniuma. Tir ilikuwa ileile, nyumba ileile, bati lilelile. Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa kimepungua ndani ya nyumba, na sikutaka kukitaja hata kimoyomoyo. Nililala chini nikimchukia Ya Freddy na mwalimu na mabati. Ingekuwa bora ikatike. Ningekuwa na kitu cha kungoja.

Juzi Tantine akasema sanduku lipangwe upya kwa ajili ya safari. Alikuwa ameushika mlango wa nje, anahesabu kamba, akaniambia bila kugeuka, "Ingia mu chumba ya mama yako, Kapinga. Ni wewe sasa." Nilisimama nje ya rido kwa muda. Hakuna mkono uliotokeza. Nikaingia.

Ufunguo niliukuta ulipokuwa unauweka usiku, chini ya mto. Nilipoinua kifuniko, bawaba zililia kidogo. Nilikaa kitako. Sauti ile, Mama. Sauti niliyokuwa ninaisikia nyuma ya rido kila ulipokwenda kuangalia kama modemu inawaka.

Ndani kulikuwa na harufu yako na ya sabuni. Bilauri ndani ya magazeti. Picha ya harusi. Sahani mbili za Kaku. Nguo yangu ya ubatizo, sikujua kama ipo. Na pembeni, katikati ya bilauri, mahali palipoachwa wazi kama kiota, kilikuwa kimfuko cha kitenge cha bluu, kimeshonwa mara mbili, ndani kimewekwa pamba, kwa juu kuna kifungo kimoja, ubavuni tundu limezungushiwa uzi vizuri ili waya wa chaji upite. Nikasimama, nikachukua modemu juu ya kabati, nikaiingiza. Iliingia yote, bila kulegea. Mtoto asiye na mikono.

Ulikuwa unaiweka ndani ya sanduku, Mama. Kila sirene ilipolia, sisi wote nje tunakuita, wewe ulikuwa unamvalisha nguo, unamlaza kati ya bilauri zako, unafunga kwa ufunguo. Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatuletea uso wa Papa, na paa lingeanguka, na vilivyokuwa ndani ya sanduku ndivyo mlivyofika navyo. Kisha ulirudi kukaa nami na kumwacha humo mpaka jioni, maana siku nyingine tir ya pili ilikuja. Nilipouliza kama inawaka ulifungua ukaangalia, na ilikuwa inawaka kweli, betri yake imejaa, taa zote, ndani ya giza la chuma. Hukuniongopea hata mara moja. Ulijua rezo inapita kuta za watu wote kutoka kwenye antena mpaka kwetu. Ungejuaje kwamba itashindwa na sanduku la mama yako?

Nilikimbia kuleta kompyuta, nikaiweka sakafuni. Nikafunga kifuniko: mistari ikashuka, ikaisha. Nikafungua: ikapanda. Nikafunga tena. Nikafungua. Tantine alikuja akanikuta nafanya hivyo, nacheka na kulia, kamasi mpaka kidevuni.

"Unafanya nini, mutoto?"

"Natengeneza rezo," nikamwambia.

Akaketi kando yangu. Nilimwonyesha kimfuko. Alikigeuza, akaangalia mishono kwa karibu, akasema, "Huu ni mukono wa Kaku. Yee njo alimufundisha kushona vile, mara mbili mara mbili." Tukakaa hapo, bega kwa bega.

Na jana, Mama, Papa alikuwa anapiga ili kupanga habari za lori. Alikuwa ananieleza kitanda kifunguliwe vipi, akachanganyikiwa, akaanza upya. Sirene ikalia. Tantine akatoka, na watu wachache waliobaki wakatoka, wamesimama katikati ya kuta zisizo na paa. Mimi nilijua sasa: nikiiacha modemu juu ya kabati, maongezi hayatakatika. Papa ataendelea na kitanda chake. Hiyo ndiyo dawa yote ambayo Ya Freddy na mwalimu waliitafuta na ambayo mimi niliitafuta karibu mwaka mzima.

Nikaingia chumbani kwako. Nikashusha modemu. Nikaivalisha, nikafunga kifungo, nikailaza katikati ya bilauri.

"Kapinga!" Tantine alipiga kelele nje. "Kapinga, toka! Unafanya nini umo?"

"Ninakuja!" nikajibu. "Ninakuja!"

Sauti ilitoka kubwa, Mama. Ilipita rido, ikapita sebule, ikafika barabarani. Mwanaume mmoja jirani alimwuliza Tantine, kumbe yule mtoto anaongea? Nikageuza ufunguo, nikautundika shingoni, nikatoka wa mwisho, ninahema.

Tuliporudi, Papa alikuwa kwenye kioo, mdomo wazi, jicho moja nusu. Nilikaa kwenye benchi. Niliacha nafasi upande wako. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, na mimi sikugusa kitu.

Baadaye nilifungua sanduku na Papa akarudi. "Ilikatika tena!" alilalamika. "Nilifikiri mulitengeneza!" Nikamwambia nitamweleza tukifika. Anasema Fungurume pia kuna sirene. Nikamwambia najua cha kufanya.

Mahali ulipolala tulipita Jumapili. Tantine aling'oa majani, mimi nilifuta vumbi la msalaba kwa ukingo wa kitenge chako. Sikuweza kusema kitu pale, watu walikuwa karibu, ndiyo sababu nimeandika. Kwenye lori nimemwambia Tantine akae mbele na dereva. Mimi nitakaa nyuma, juu ya sanduku, njia nzima, Tenke tutapita, mpaka tufike. Wakiniambia niinuke sitainuka.

Namsikia Tantine langoni na magunia yake. Bakia muzuri, Mama. Ukiita na usiposikia jibu, ngoja kidogo karibu yangu, rezo itarudi.

Binti yako,
mwenye ufunguo shingoni